Padri Aliyepiga Hesabu za Ulimwengu

Ndugu msomaji, usiku ukitazama juu unaona nyota zimetulia. Zamani hata wataalamu wengi waliamini kwamba ulimwengu umetulia hivyo hivyo siku zote. Georges Lemaître alionyesha kuwa sivyo.

Lemaître alizaliwa mwaka 1894 katika mji wa Charleroi, nchini Ubelgiji. Vita vilipoanza mwaka 1914 alikuwa akisomea uhandisi. Aliacha masomo, akawa askari. Vita vilipokwisha alirudi masomoni, akajifunza hesabu. Mwaka 1923 akawa padri.

Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka. Je, umewahi kuona unga wa maandazi ukiumuka? Tia punje za iliki ndani yake. Unga ukiumuka, kila punje huzidi kuwa mbali na nyingine. Ndivyo yalivyo makundi makubwa ya nyota.

Mwaka huo huo alikutana na Albert Einstein, mtaalamu mwenye sifa duniani kote. Einstein hakuona kosa katika hesabu zake, lakini alikataa kwamba ulimwengu unatanuka. Fikiri mwenyewe, kukataliwa na mkubwa kama huyo! Lemaître hakufuta hesabu zake. Mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani, aliyetumia darubini kubwa, alionyesha kuwa makundi ya nyota yaliyo mbali zaidi yanakwenda mbali upesi zaidi. Baadaye Einstein naye akakubali.

Zamani Einstein alikuwa ameweka katika hesabu zake namba ya kushindana na nguvu ya mvutano, ili ulimwengu utulie. Sasa aliitupa. Lemaître aliibakiza. Alifariki mwaka 1966.

Mwaka 1998 wataalamu waligundua kwamba ulimwengu unatanuka kwa mwendo unaozidi kuongezeka. Namba ile ikarudi. Kinachousukuma ulimwengu wamekiita nishati ya giza. Wengine wanasema nishati hiyo haipo, bali kanuni ya Einstein ya mvutano ndiyo inayohitaji kurekebishwa. Ubishi huo haujaisha.

Ndugu msomaji, hata kanuni ya mkubwa hupimwa. Siku ukiuza mazao, hesabu yako ikatofautiana na ya mwenye mizani, usione haya. Ipige tena polepole. Ikiwa ni sahihi, usiifute.