Alfréd Hajós, Yatima Aliyejifunza Kuogelea

Ndugu msomaji, huenda kijiji chako kiko karibu na mto, ziwa au bahari. Kama ni hivyo, unajua kwamba maji yana faida na yana hatari. Hutupa samaki na njia ya kusafiri, lakini pia huua watu. Soma sasa habari za mtu ambaye maji yalimwua baba yake, naye hakuyakimbia.

Mtu huyo ni Alfréd Hajós. Alizaliwa tarehe 1 Februari, 1878, katika mji wa Budapest, nchi ya Hungaria, huko Ulaya. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Arnold Guttmann. Hajós ni jina alilojichagulia katika michezo. Katika lugha ya kwao maana yake ni baharia.

Mto mkubwa uitwao Danube hupita katikati ya mji wa Budapest. Alfréd alipokuwa na umri wa miaka 13, baba yake alizama katika mto huo akafa. Fikiri, msomaji: wewe ungefanya nini? Wengi wetu tungewakataza watoto kukaribia maji tena. Alfréd aliamua vingine. Aliazimia kujifunza kuogelea, na kuogelea vizuri. Akafanya mazoezi mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1895 alishinda mashindano ya mita 100 katika mji wa Vienna.

Mwaka 1896 Michezo ya Olimpiki ya zama hizi ilifanyika kwa mara ya kwanza, katika mji wa Athens, nchi ya Ugiriki. Alfréd alikuwa na umri wa miaka 18. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, akijifunza kuchora ramani za majengo. Aliomba ruhusa, akasafiri kwenda Ugiriki.

Huko hapakuwa na bwawa la kuogelea. Mashindano yalifanywa baharini, tarehe 11 Aprili. Siku hiyo bahari ilichafuka, na mawimbi yalikuwa makubwa. Maji yalikuwa ya baridi sana, kiasi cha nyuzi 13 tu. Hayo ni baridi kuliko maji ya mtungini. Mtu akikaa ndani yake muda mrefu, mikono na miguu hufa ganzi.

Kwanza Alfréd aliogelea mita 100. Alishinda kwa muda wa dakika 1 na sekunde 22. Aliyemfuata alikuwa karibu naye sana.

Siku hiyo hiyo aliingia katika shindano la pili, la mita 1,200. Huo ni mwendo wa zaidi ya kilometa moja. Ili kujikinga na baridi, alijipaka mafuta mazito mwili mzima. Waogeleaji walipelekwa mbali baharini kwa boti. Wakajitupa majini ili waogelee kurudi pwani. Baridi ilipenya hata kwenye mafuta, na mawimbi yalimpiga. Baadaye Alfréd alieleza kwamba pale majini hakufikiria ushindi tena. Alifikiria kuokoa maisha yake tu. Lakini alifika pwani wa kwanza, kwa muda wa dakika 18 na sekunde 22. Wa pili alichelewa kwa zaidi ya dakika mbili na nusu.

Kati ya wote walioshinda Athens mwaka huo, yeye ndiye aliyekuwa mdogo kwa umri. Aliporudi nyumbani, inasimuliwa kwamba mkuu wake chuoni hakuzijali medali zake. Alimwambia kuwa anachosubiri ni majibu yake katika mtihani. Alfréd hakuacha masomo. Alihitimu akawa mchoraji wa ramani za majengo. Pia alicheza mpira wa miguu katika timu ya taifa. Mwaka 1924, katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, alipata medali ya fedha kwa mchoro wa uwanja wa michezo, aliouchora pamoja na mwenzake Dezső Lauber.

Lakini kazi moja yapita nyingine zote. Katikati ya mto Danube, huko Budapest, kuna kisiwa kiitwacho Margit. Hapo Alfréd alichora jengo kubwa la bwawa la kuogelea, lililofunguliwa mwaka 1930. Mto ule ule uliomwua baba yake sasa ulizunguka mahali pa kufundishia watu kuogelea. Alfréd alifariki tarehe 12 Novemba, 1955, akiwa na miaka 77. Baadaye bwawa hilo lilipewa jina lake.

Msomaji, hofu peke yake haimwokoi mtu majini. Elimu humwokoa. Kama hujui kuogelea, jifunze kwenye maji machache, ukiwa na mtu anayejua. Usijifunze peke yako. Nao watoto wako wafundishwe mapema, kabla ya msiba.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Alfréd aliamua kujifunza kuogelea?
2. Mashindano ya Athens yalikuwa na hatari gani?
3. Alfréd aliwaachia nini watu wa mji wake?
4. Katika kijiji chenu, ni nani anayeweza kuwafundisha wengine kuogelea?