Tanzania: Mwalimu Nyerere, kiongozi aliyejua kuachia kiti

Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, Waziri Mkuu Julius Kambarage Nyerere alijiuzulu. Hakuwa ameshindwa katika uchaguzi, wala hakupinduliwa. Alimkabidhi Rashidi Kawawa uongozi wa serikali, naye akarudi kukitumikia chama chake cha TANU. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 39.

Uamuzi huo uliwashangaza wengi, ila haukuwa wa ghafla kwa mtu aliyelelewa kama yeye. Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, mashariki mwa Ziwa Viktoria, akiwa mtoto wa Nyerere Burito, chifu wa Wazanaki. Alianza shule mjini Musoma akiwa na miaka 12, akaendelea Tabora, kisha Chuo cha Makerere nchini Uganda. Baada ya kufundisha kwa muda, alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949 na kurejea mwaka 1952 akiwa na shahada yake.

Tarehe 7 Julai 1954 TANU iliundwa, naye akawa rais wake. Wakati huo alikuwa mwalimu huko Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka 1955, baada ya kuitetea Tanganyika mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York, ilimbidi achague kati ya ualimu na siasa. Aliacha mshahara wa uhakika, akiwa na mke na watoto wa kulea, akajitosa katika kazi isiyokuwa na malipo ya kutegemea. Jina la Mwalimu likabaki naye hadi kufa.

Mtihani mkubwa wa uongozi ulimkuta Tabora mwezi Januari 1958. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imeamuru kwamba kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wanachama wengi waliona sharti hilo ni matusi na wakataka uchaguzi ususiwe. Nyerere naye hakulipenda, lakini aliona kwamba kususia kungewaachia wapinzani wa uhuru viti vyote. Hakutumia amri. Alijenga hoja hatua kwa hatua mpaka wengi wakakubali, na wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda. Zuberi Mtemvu na wenzake hawakuridhika, wakajitenga na kuunda chama chao.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, tatizo jipya lilijitokeza. Viongozi wa chama walikuwa wamehamia katika ofisi za serikali, na matawi ya vijijini yakaanza kudhoofika. Wananchi waliotarajia mabadiliko ya haraka walianza kunung'unika. Nyerere alijiuzulu ili azibe pengo hilo yeye mwenyewe. Alizunguka mikoani, akasikiliza, na mwaka huohuo akaandika kijitabu kuhusu ujamaa kilichokuja kuwa msingi wa siasa yake. Mwishoni mwa mwaka aligombea urais dhidi ya Mtemvu, akashinda kwa kura nyingi mno. Miezi ile ya kukaa nje ya serikali haikumpunguzia heshima.

Mwezi Januari 1964 askari waliasi mjini Dar es Salaam, na Rais akalazimika kujificha. Hatimaye aliomba msaada wa majeshi ya Uingereza, mkoloni wa jana. Ilikuwa fedheha kubwa kwa nchi changa, naye hakuificha. Aliwaita wenzake wa Afrika, akawaeleza yaliyotokea, kisha akalivunja jeshi lile na kujenga jipya.

Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga kulazimishwa kuingia katika Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwafukuza chuoni kwa mamia, hatua ambayo wengi waliiona kuwa kali. Hata hivyo, lawama yao kuhusu mishahara minono ya wakubwa ilimgusa, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawakataza viongozi kumiliki hisa, kupangisha nyumba au kupokea mishahara miwili.

Maisha yake hayakukosa makosa mazito. Sheria ya mwaka 1962 ilimruhusu kuwaweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani, naye aliitumia. Katika miaka ya 1970 mamilioni ya wakulima walihamishiwa katika vijiji vya pamoja, na mahali pengi walihamishwa kwa nguvu. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972, na vyama vya ushirika vya wakulima mwaka 1976. Kilimo kiliyumba, maduka yakakosa bidhaa, na nchi ikazidi kutegemea misaada.

Katika miaka ya 1980, akiwa bado madarakani, Nyerere alikiri hadharani kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika kulikuwa kosa, na vyote viwili vikarudishwa. Si kawaida kwa kiongozi aliyetawala zaidi ya miaka 20 kutamka jambo kama hilo bila kumtupia mwingine lawama.

Mwezi Novemba 1985 aling'atuka kwa hiari, akampisha Ali Hassan Mwinyi. Alibaki mwenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi hadi mwaka 1990. Baada ya hapo yeye aliyeujenga mfumo wa chama kimoja ndiye aliyewahimiza wenzake wakubali vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Kwa Warundi, miaka yake ya mwisho ndiyo inayokumbukwa zaidi. Kuanzia mwaka 1996 alikuwa mpatanishi katika mgogoro wa Burundi, na mwezi Juni 1998 mazungumzo yakafunguliwa Arusha. Baadhi ya wahusika walimshuku kwamba anaegemea upande mmoja, lakini aliendelea kuwakutanisha mahasimu katika ukumbi mmoja. Hakuyaona matunda ya kazi hiyo. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, akazikwa Butiama. Nelson Mandela alichukua nafasi yake, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000.

Anayetaka kujifunza uongozi kwa Nyerere hana budi kuyatazama mema na makosa yake kwa pamoja. Alishawishi kabla ya kuamuru pale Tabora, na mambo yakafanikiwa. Aliruhusu nguvu itumike vijijini, na mambo yakaharibika. Tofauti hiyo aliiona mwenyewe, akaisema angali hai, na sehemu ya makosa hayo akairekebisha kabla ya kukiacha kiti.