Mo Amin na Nusu ya Pili ya Picha

Waliosoma Kiswahili kidato cha tano na sita wanakikumbuka kinaya: jambo linatokea kinyume kabisa na ulivyotarajia, na ndani ya kinyume hicho kuna ukweli unaouma. Mwandishi wa riwaya ana maneno ya kukijengea kinaya chake. Mpigapicha hana. Yeye anatafuta vitu viwili visivyopatana, anavibana ndani ya fremu moja, halafu ananyamaza. Bango kubwa linasema maji ni uhai. Chini yake kuna foleni ya ndoo tupu. Hakuna aliyekueleza chochote, ila umeshaelewa. Sentensi umeimalizia mwenyewe.

Afrika Mashariki tumewahi kuwa na bingwa wa kazi hiyo. Anaitwa Mohamed Amin, wengi walimwita Mo. Sisi tulio chuo sasa hivi tulizaliwa yeye akiwa keshakufa, lakini picha zake tumeziona, hata kama jina hatulijui. Na kwa anayetoka Mpanda kama mimi, kuna sababu ya ziada ya kumsoma. Nitaifikia.

Mo alizaliwa Nairobi tarehe 29 Agosti 1943. Baba yake, mzaliwa wa Punjab, alikuwa mwashi wa reli, na kazi ya reli ndiyo iliyoihamishia familia Dar es Salaam mwaka 1952. Mtoto wa fundi wa reli, Mhindi katika koloni la Mwingereza: hakuwa juu kama Wazungu, hakuwa chini kama Waafrika walivyowekwa. Alikulia katikati, na mtu wa katikati anaona pande zote mbili. Kamera yake ya kwanza ilikuwa Box Brownie iliyokwisha kutumika. Ni kisanduku tu, hakina mbwembwe. Kwa kamera ya namna hiyo huwezi kuvuta kitu cha mbali kikaja karibu. Inabidi miguu yako ikupeleke mahali pa kusimama.

Mwaka 1963 akiwa na miaka ishirini hivi alifungua kampuni yake Dar es Salaam, akaiita Camerapix. Mwaka haukuisha vizuri bila kazi kumfuata mlangoni. Januari 1964 Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea, na Mo akavuka kwenda kuyapiga picha. Kijana wa miaka ishirini, hana bosi wa kumtuma, anaingia kisiwani wakati wenzake wanatafuta njia ya kutoka. Picha zake za John Okello na wapiganaji wake zimebaki kuwa kumbukumbu ya siku zile. Lakini Zanzibar hiyo hiyo ndiyo iliyomfundisha bei ya kazi. Mwaka 1966 alikamatwa huko na kukaa gerezani karibu mwezi mzima. Alipotoka, makao yake yakawa Nairobi.

Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipigwa risasi katikati ya jiji hilo, mchana, mbele ya duka la dawa. Mo alifika dakika chache baadaye na kamera yake. Hapo pana kinaya ambacho hakuna mtu aliyekipanga: waziri kijana aliyebeba matumaini ya nchi changa, amelazwa nje ya duka la dawa, na hakuna dawa ya kumsaidia. Kazi ya siku ile ilimpa Mo tuzo ya Uingereza ya wapigapicha wa televisheni.

Sasa tuvuke mpaka twende Uganda, kwa sababu huko kuna somo muhimu kuhusu kinaya cha picha. Mo na Idi Amin walishea jina, na jina lenyewe maana yake ni mwaminifu. Mo alimfuatilia rais huyo kwa miaka mingi, tangu mapinduzi ya 1971. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, yaani watu wa asili ile ile ya Mo. Kisha Julai 1975 viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Kampala, na dunia ikaona picha ambayo mpaka leo inasambaa: Idi Amin ameketi kwenye kiti, amebebwa juu juu na wafanyabiashara Wazungu, mwingine nyuma anamshikia mwavuli.

Ukiiangalia haraka unacheka. Enzi za ukoloni Wazungu ndio waliobebwa, Waafrika ndio waliobeba. Sasa meza imepinduliwa. Lakini hebu angalia tena. Kinaya kile nani alikitunga? Si mpigapicha. Idi Amin mwenyewe ndiye aliyepanga vitu viwili ndani ya fremu, akawaachia wenye kamera wabonyeze tu. Na kilichobaki nje ya fremu ni Waganda waliokuwa wakipotea usiku bila kurudi. Kicheko kile kilikuwa pazia.

Hili ni jambo ambalo wanaojifunza kupiga picha hawaambiwi mara nyingi. Kuweka vitu viwili pamoja si lazima kuwe ni kusema kweli. Kunaweza kuwa ni njia nzuri tu ya kuficha kitu cha tatu. Mwaka 1980, baada ya majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni kumwondoa Idi Amin madarakani, Mo na mwandishi wa BBC Brian Barron walimtafuta mpaka wakampata Jeddah, Saudi Arabia. Safari hii hakuna kiti cha kubebwa wala mwavuli. Mzee wa makamo anaongea mbele ya kamera, mbali na nchi aliyoiharibu. Ukiiweka picha hiyo pembeni ya ile ya 1975, hapo ndipo kinaya kinakamilika, na safari hii si yeye aliyekipanga.

Oktoba 1984 Mo alikwenda kaskazini mwa Ethiopia pamoja na Michael Buerk wa BBC. Njaa ilikuwa imeshaua watu kwa muda mrefu bila dunia kushtuka. Mwezi mmoja tu nyuma, Septemba, serikali ya Mengistu ilikuwa imesherehekea kwa fahari miaka 10 ya mapinduzi yake kule Addis Ababa. Na Ulaya, maghala ya Jumuiya yalikuwa yamejaa nafaka na siagi ya ziada isiyo na mlaji. Vitu hivyo vitatu, yaani sherehe, shibe na njaa, vilikuwepo duniani kwa wakati mmoja, ila hakuna aliyevileta mezani pamoja.

Mo alivileta. Mahali panaitwa Korem. Ni alfajiri, mwanga wa kwanza unapita kwenye ukungu, bonde limetulia. Ukiona sekunde za mwanzo unaweza kudhani ni mandhari ya utalii. Kisha kamera inasogea polepole, haina papara, na unagundua kwamba vile vivimbe vyote uwandani ni watu waliojifunika mashuka, maelfu, wengine wamekufa usiku ule. Uzuri na maangamizi viko ndani ya mwendo mmoja wa kamera. Hakuvuta lenzi akabandika uso wa mtoto mmoja ili utoe machozi haraka. Alianza kwa kurudi nyuma, akaonyesha ukubwa wake.

Taarifa ilirushwa tarehe 23 Oktoba 1984. Fikiria ilivyopokelewa Uingereza: watu wako sebuleni, wengine wako mezani, na runinga iko pale pale. Sahani upande huu, Korem upande ule. Fremu ya pili ilikuwa sebule ya mtazamaji mwenyewe. Ndiyo maana ilichoma. Wanamuziki wa Uingereza wakatoa wimbo kabla ya Krismasi, wa Marekani wakafuata, na Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid London na Philadelphia. Misaada ikamiminika. Kuna watu walioishi kwa sababu ya picha zile, na tusidanganyane, hilo ni kubwa kuliko uhakiki wowote tunaoweza kuandika kwenye gazeti la chuo.

Ila kuna gharama. Picha zile zilionyesha njaa kama vile imeshuka na ukame tu. Vita vya kaskazini na mkono wa serikali iliyovitumia dhidi ya wananchi wake havikuonekana vizuri kwenye sebule zile. Na Mwafrika akabaki kwenye kichwa cha dunia akiwa amekaa chini, mkono wazi, anasubiri. Sura hiyo haijafutika. Mashirika mengi yamekula kwa sura hiyo.

Sasa nifike Mpanda. Baada ya mauaji ya 1972 kule Burundi, maelfu ya Wahutu walikimbilia nchini, na serikali ikawapa ardhi. Katumba ni sehemu mojawapo, Mishamo ni nyingine. Wakati ule zote ziko wilaya ya Mpanda, mkoa wa Rukwa, kwa sababu Katavi haikuwa mkoa mpaka 2012. Walipelekwa porini, kwenye miombo na mbung'o, wakapewa mashamba. Wakafyeka, wakalima mahindi, maharage, muhogo, tumbaku. Na mwaka 1985 shirika la UNHCR liliikabidhi Mishamo kwa serikali ya Tanzania, kwa sababu wakazi wake walishaweza kujilisha.

Soma tena mwaka huo. 1985. Mwaka ule ule ambao dunia nzima ilikuwa mbele ya runinga ikimchangia Mwafrika mwenye njaa, wakimbizi wa Kiafrika kule Mishamo walikuwa wanaambiwa kwamba msaada wa chakula umekwisha kwa kuwa hawauhitaji. Habari hiyo haikupata tamasha. Mkimbizi aliyesimama kwenye shamba lake la mahindi hakuwa picha ya mwaka. Miaka mingi baadaye, kuanzia 2014, zaidi ya watu 162,000 wa makazi hayo ya zamani walipewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Tulisoma nao, tunanunua mazao yao, ni wenzetu.

Simlaumu Mo kwa hili. Hakuwa Mishamo, alikuwa Korem, na watu walikuwa wanakufa. Tena yeye nusu ya pili aliijua kuliko wengi. Mwaka huo huo wa 1984 kilitoka kitabu chake Journey Through Tanzania, alichokifanya na wenzake, chenye nchi yetu ikiwa na watu wanaofanya kazi, wanaovua, wanaosafiri. Alipiga picha za mahujaji Makka, za wanyama, za reli aliyoifanyia kazi baba yake. Mtu mmoja, begi moja la kamera, na Afrika zote mbili zimo ndani. Dunia ndiyo iliyochagua kuiweka moja ukutani na nyingine kabatini.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa migumu. Juni 1991, Addis Ababa ikiwa imeangukia mikononi mwa waasi, ghala la silaha lililipuka wakati Mo na wenzake wanapiga picha. Fundi wake wa sauti, John Mathai, alikufa. Mo alipoteza mkono wa kushoto. Mtu mwingine angeuza vifaa akapumzika. Yeye alikwenda Marekani, akatengenezewa mkono wa bandia, akarudi kazini.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis kurudi Nairobi. Watekaji watatu wakaiteka, wakataka iende Australia, na hawakumsikiliza rubani alipoeleza kwamba mafuta hayatoshi. Ndege ilianguka baharini karibu na ufukwe wa Ngazija, Visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa. Mo alikuwa mmoja wao, akiwa na miaka 53.

Anguko lile lilinaswa kwenye video na mtalii aliyekuwa ufukweni kwa mapumziko. Mbele kuna mchanga na maji ya buluu, nyuma ndege kubwa inainama, bawa linagusa bahari. Mtu aliyetumia maisha yake yote kuonyesha dunia vifo vya wengine, kifo chake kimechukuliwa na mgeni asiyemjua, kwenye fremu moja na starehe.

Kwa nini niandike haya kwenye gazeti letu? Kwa sababu muda si mrefu tunaokwenda kuwa walimu tutatawanyika kwenye mazoezi ya kufundisha, kila mmoja na simu yenye kamera ambayo Mo wa mwaka 1963 angeiota tu. Tunajua kitakachofuata. Mtoto kaketi sakafuni, sare imechanika, nyuma ubao umeandikwa elimu ni ufunguo wa maisha. Kinaya kimekamilika. Ndo picha inayopata mioyo mingi kwenye status, na mara nyingine kweli inahitajika, kwa sababu dawati halipo na mtu fulani anapaswa kuulizwa.

Lakini kabla ya kubonyeza, uliza kilicho nje ya fremu. Nani kakipanga kinaya hiki: wewe, mtoto, au aliyekula hela ya madawati? Picha hii inamuuliza nani swali? Mtoto akiwa na miaka ishirini na mbili akaiona, atajitambua au atajificha? Na yule mwenzake wa dawati la nyuma, anayewafundisha wenzake hesabu wakati mwalimu hayupo, umempiga pia?

Ukija Katavi wakati wa kiangazi, nenda mtoni Katuma. Utaona viboko wamebanana kwenye tope kama abiria wa daladala ya jioni. Ni picha rahisi, kila mgeni anaipata. Kisha panda juu ya mto, uone mashamba ya mpunga yanayokunywa maji yale yale, na wazazi waliotusomesha kwa mpunga huo. Picha ya kwanza peke yake inamtafuta mkosaji. Zikiwa mbili pamoja, kazi ya kufikiri inakuwa ngumu zaidi, kwa mpigaji na kwa mtazamaji.