Thomas Cook: fundi mbao aliyezoesha watu kulipa hoteli mbele ya kufika

Mfanya biashara wa Goma, Bukavu ao Butembo anayejitayarisha kwenda Dubai anaweza leo kuchagua chumba kwa simu na kukilipa mbele ya kupanda ndege. Hajamwona mwenye hoteli, hajagusa kitanda, lakini feza imekwisha kwenda. Kati ya watu waliozoesha dunia kusafiri namna hiyo kuna Thomas Cook, fundi mbao wa Uingereza ambaye hakusoma sana na ambaye alichukia pombe maisha yake yote.

Alizaliwa tarehe 22 mwezi wa kumi na moja 1808 katika mji mdogo wa Melbourne, katikati ya Uingereza. Baba yake alifariki yeye akingali mtoto mdogo. Akiwa na miaka 10 aliacha masomo, akatumika kwa mtunza bustani kwa malipo ya peni moja kwa siku. Kisha akajifunza kazi ya mbao. Mwaka wa 1828 akawa muhubiri wa Wabatisti, akizunguka vijiji kwa miguu. Mwaka wa 1833 alioa Marianne Mason, na mwaka huo huo akaapa kutokunywa pombe tena.

Pombe ndiyo iliyomwingiza katika kazi ya safari. Siku ya kwanza, tarehe 5 mwezi wa saba 1841, alikodi treni ili kupeleka watu karibu 500 toka Leicester hadi Loughborough, kwenye mkutano wa wapinga pombe. Kila mmoja alilipa shilingi moja. Cook aliona kwamba watu maskini, waliokuwa hawajatoka kwao, wanaweza kusafiri ikiwa kuna mtu wa kuwapangia njia na bei.

Mwaka wa 1845 alipanga safari ya kwanza ya kutafuta faida, kuelekea Liverpool. Mbele ya kuuza tiketi, alipita njia ile yeye mwenyewe, akaangalia hoteli na pahali pa kula, kisha akachapisha kitabu kidogo cha kuongoza wasafiri. Hii ikawa desturi yake: kwenda kwanza, kuona, ndipo kuita wengine.

Lakini mwaka uliofuata alipata aibu. Alipeleka watu karibu 350 Scotland. Ndani ya treni hakukuwa choo. Chai iliyoahidiwa njiani haikupatikana. Walipopanda meli, vyumba vya kulala havikutosha kwa wote waliokuwa wamevilipia. Mwaka huo huo wa 1846 Cook alitangazwa kuwa amefilisika.

Wengi wangerudilia kazi ya mbao. Yeye alirudilia njia. Mwaka wa 1851 alipeleka watu zaidi ya 150,000 kwenye Maonyesho Makubwa ya London, wengi wao wafanyakazi wa kawaida waliokuwa wanaweka akiba kidogo kidogo. Mwaka huo ndio alianzisha gazeti lake la safari.

Kuvuka bahari kulileta shida nyingine. Mwaka wa 1855 alipeleka watu Ubelgiji, Ujerumani na hadi Paris, lakini akapata hasara. Mwaka wa 1863 akaanza kuongoza makundi Uswisi, na mwaka wa 1864 Italia. Huko, Mwingereza wa kawaida hakujua luga wala feza ya inchi, na hakujua hoteli gani ni safi na ipi itamwibia. Anafika usiku, amechoka, ana mizigo na pengine watoto. Mwenye hoteli anaona wazi kwamba huyu mgeni hawezi kwenda pengine. Bei inapanda pale pale mlangoni.

Tajiri hakuteseka hivyo. Alikuwa na mtumishi wa kumtangulia, barua za banki na marafiki katika kila mji mkubwa. Aliyeteseka ni mwalimu, mwenye duka dogo ao mwanamuke anayesafiri bila mume, mwenye feza iliyohesabiwa mpaka siku ya kurudi.

Mwaka wa 1868 Cook alileta jibu lake: kuponi za hoteli. Msafiri alizinunua Uingereza, kwa feza ya kwao, kwa bei inayojulikana. Kila kuponi ililipa kitanda ao chakula katika hoteli ambazo zilikubaliana na Cook. Mwenye hoteli aliipokea, akaituma kwa Cook, akalipwa. Hakuna tena kubishana bei saa ya usiku.

Kuponi ilikuwa karatasi tu. Nguvu yake ilitoka pande mbili. Mwenye hoteli alijua kwamba Cook atalipa, na kwamba atamletea wageni wengine. Msafiri naye alijua kwamba hoteli ikimtendea vibaya, kuna mtu Uingereza wa kuulizwa. Mwaka wa 1874 Cook aliongeza karatasi nyingine, ambayo msafiri aliweza kubadilisha kwa feza ya inchi aliyomo katika banki ao hoteli zilizokubaliana naye.

Pahali hapakuwa hoteli, alibeba hoteli. Mwaka wa 1869 aliongoza kundi lake la kwanza Misri na Palestina. Kwenye mto Nile alikodi meli mbili. Palestina watu walilala katika mahema, wakiwa na wapishi na wanyama wa kubeba mizigo. Mwaka wa 1872, akiwa na miaka 63, alianza kuzunguka dunia nzima pamoja na kundi dogo, wakipita Amerika, Japani, China, India na Misri. Safari hiyo ilichukua siku 222.

Kwa watu wa cheo, mambo haya yalikuwa ya kuchekesha. Waandishi walifananisha wageni wa Cook na kondoo wanaofuata mchungaji. Walikasirika kuona wafanyakazi mbele ya milima na makanisa yaliyokuwa ya wakubwa peke yao. Cook alijibu katika gazeti lake, akitetea haki ya watu wadogo ya kuona dunia.

Ndani ya nyumba ndimo alimoumia zaidi. Mtoto wake John Mason Cook, mwenye akili kali ya biashara, hakupenda baba achanganye feza ya kampuni na kazi za dini na kusaidia maskini. Waligombana miaka mingi. Mwisho wa miaka ya 1870 mzee aliondoka, kampuni ikabaki mikononi mwa mtoto. Mwaka wa 1880 binti yake Annie alikufa nyumbani, akiwa bafuni, kwa sababu ya gesi ya mtambo wa kupasha maji. Miaka minne baadaye Marianne akafariki. Mzee akabaki, na macho yake yakazimika.

Hata hivyo alirudi Melbourne, pale alipozaliwa, akajenga nyumba ndogo 14 kwa ajili ya Wabatisti maskini. Zilimalizika mwaka wa 1891. Mtu aliyetafutia maelfu vitanda ugenini alimalizia kwa kutafutia wazee wachache vitanda vya kudumu. Alikufa tarehe 18 mwezi wa saba 1892, akiwa na miaka 83.

Jamaa yake iliuza kampuni mwaka wa 1928 kwa kampuni ya Ubelgiji ya treni za kulalia. Jina liliendelea mikononi mwa wengine mpaka tarehe 23 mwezi wa kenda 2019, kampuni ilipoanguka kwa sababu ya madeni. Waingereza karibu 150,000 walikuwa inje ya inchi siku ile, na serikali yao ikapaswa kuwarudisha. Katika hoteli moja ya Tunisia, wageni waliokuwa wamekwisha kulipa kila kitu walizuiwa kutoka mpaka walipe tena, kwa sababu mwenye hoteli aliogopa kwamba kampuni haitamlipa.

Ni shida ile ile ya mlangoni ambayo kuponi ya 1868 ilikuja kumaliza. Karatasi ao simu inathibitisha kwamba msafiri ametoa feza. Lakini mlango wa hoteli unafunguliwa tu ikiwa yule aliyeipokea feza hiyo angali anaaminiwa upande wa pili.