Siti binti Saad: Mfinyanzi wa Fumba Aliyeingia Vitabuni

Siti binti Saad alizaliwa takriban mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja, katika familia iliyotoka utumwani, akapewa jina la Mtumwa. Alikulia katika ufinyanzi na kuuza vyungu, akivinadi kwa sauti iliyowavutia wateja. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza muziki na kuimba taarabu kwa Kiswahili, wakati taarabu ya ikulu ilipokuwa ya Kiarabu.

Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri zilizosambaa mwambao mzima. Nyimbo zake zilibeba masuala ya mji, hususan ya wanyonge. Wimbo wa Kijiti ulihusu mauaji ya mwanamke ambaye muuaji wake alitoroka, huku wanawake waliotoa ushahidi wakiadhibiwa.

Siti alifariki dunia mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA) kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Bi Kidude, aliyemfuata katika uimbaji, naye alitengenezewa filamu mwaka 2006.

Kutoka Mikindani hadi mdomo wa Mto Ruvuma, sehemu kubwa ya historia ya wanawake ingali katika nyimbo za unyago na kumbukumbu za wazee. Maisha ya Siti yanathibitisha kuwa sauti iliyohifadhiwa haizikwi pamoja na mwenyewe, isiyoandikwa hupotea.