Philip wa Pili: Mfalme aliyewauliza wanakijiji kuhusu wanyama wao

JINA la Mfalme Philip wa Pili wa Uhispania ni geni kwa Wakenya wengi, ilhali ngome ya Fort Jesus mjini Mombasa ilianza kujengwa mwaka wa 1593 alipokuwa akitawala Ureno pia.

Mwana huyu wa Mtawala Charles wa Tano alizaliwa Mei 21, 1527 mjini Valladolid, akatawazwa mwaka wa 1556. Alioa mara nne na kufiwa na wake wote.

Philip alipenda karatasi kuliko vita. Aliketi saa nyingi akisoma ripoti na kuandika maoni pembeni kwa mkono wake.

Hamu hiyo ya kujua ilimfanya, mwaka wa 1575, kutuma maswali zaidi ya 50 katika vijiji vya Castilla. Kila kijiji kilitakiwa kuteua watu wenye busara waeleze ardhi, kuni, mito, samaki na wanyama pori wa kwao. Zaidi ya vijiji 600 vilijibu.

Mengine aliyoyatamani hayakudumu. Mwaka wa 1588 manowari zake zilizotumwa kuivamia Uingereza zilishindwa, na mwaka wa 1596 hazina yake ilishindwa tena kulipa madeni. Alifariki Septemba 13, 1598 katika kasri la El Escorial.

Majibu ya wanakijiji, hata hivyo, yalihififadhiwa papo hapo El Escorial. Karne nne baadaye, wanasayansi wameyachambua ili kujua wanyama waliokuwapo zamani. Humo mna mbwa mwitu, dubu, sungura na kwale. Mna pia mikunga waliovuliwa mbali sana na bahari, katika mito ambako leo mabwawa yamewazibia njia.

Lililowashangaza wengi ni lile lisiloandikwa. Kamba wa mtoni, ambao kwa miaka mingi walihesabiwa kuwa wenyeji wa Uhispania na kulindwa kwa msingi huo, hawatajwi. Watafiti wameeleza, kwa kutumia barua za enzi hiyo, kwamba kamba hao waliletwa kutoka Italia mwaka wa 1588, kwa matakwa ya Philip mwenyewe.

Hivyo mfalme aliyetaka kuijua milki yake aliacha kipimo cha kilichopotea. Bila ushuhuda wa wakulima wale, mto usio na mikunga ungedhaniwa kuwa ndivyo ulivyoumbwa.