Aliyeimba Damu ya Yesu Huku Akidhani Ametupwa: Maisha ya William Cowper

Maandiko ya kusoma nyumbani: 1 Wafalme 19:1-8, Zaburi 88, Wagalatia 6:2

Wiki hii tunamtazama mtu ambaye pengine jina lake hulijui, lakini wimbo wake umeuimba. Ule wimbo wa zamani unaozungumzia chemchemi iliyojaa damu, tunaouimba sana wakati wa Meza ya Bwana, uliandikwa na Mwingereza aliyeitwa William Cowper. Na kuna jambo ambalo wengi hawajawahi kuambiwa: miaka michache tu baada ya kuuandika, mtu huyu aliacha kwenda ibadani na akaacha kuomba. Hakuwa amerudi duniani. Hakuwa na chuki na kanisa. Aliamini kwa moyo wote kwamba Mungu amemkataa yeye peke yake, na kwamba mtu aliyekataliwa hana haki ya kupiga magoti.

Leo tungesema Cowper alikuwa na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito ambao hauondoki hata mambo ya nje yakiwa sawa. Enzi zake hapakuwa na dawa zake wala washauri nasaha. Sasa, sisi tukiona mshirika wa namna hiyo, wepesi wetu ni kusema ana pepo, au imani yake ni haba, au kuna dhambi ameficha. Hebu kwanza tusikie maisha ya huyu ndugu.

Mtoto aliyefiwa

Cowper alizaliwa tarehe 26 Novemba 1731 katika mji wa Berkhamsted. Baba yake alikuwa kasisi. Kati ya watoto saba waliozaliwa nyumbani humo, waliofika utu uzima ni wawili tu, William na mdogo wake John. Mama yao alifariki Novemba 1737, siku chache kabla William hajatimiza miaka sita.

Muda mfupi baadaye alipelekwa shule ya bweni. Huko kulikuwa na kijana wa miaka kama 15 aliyemchagua awe wa kuteswa. William alimwogopa kiasi kwamba hakuthubutu kuinua macho amtazame usoni, na baadaye alikumbuka kwamba alikuwa akimtambua kwa vifungo vya viatu vyake. Mwishowe ukatili ule uligunduliwa na yule kijana akafukuzwa shule. Lakini kidonda kilikuwa kimeshaingia ndani.

Wazazi na walimu wa Sunday school, tukae kidogo hapa. Tunasema mtoto husahau. Si kweli. Mwaka 1790, Cowper akiwa na miaka 58, jamaa yake mmoja alimtumia picha ya mama yake. Aliibusu, akaitundika karibu na kitanda ili iwe kitu cha kwanza kukiona akiamka, kisha akamwandikia mama shairi. Miaka zaidi ya 50 ilikuwa imepita, na yule mtoto bado alikuwa analia.

Kazi isiyokuwa yake

Baba alitaka mwanawe awe wakili, naye akasomea sheria na kukubaliwa mwaka 1754. Moyo wake haukuwa huko kabisa. Katika miaka hiyo alimpenda binamu yake Theadora, lakini baba ya msichana akakataa wasioane. Halafu baba yake mwenyewe akafariki mwaka 1756. Cowper akabaki London, akiishi peke yake katika vyumba vya mawakili, kazi haifanyi kwa bidii, huzuni inakuja na kuondoka.

Mwaka 1763 jamaa yake mwenye uwezo alimtafutia cheo kizuri cha ukarani katika Bunge la Malodi. Familia ilifurahi. Lakini wapinzani waliuchokonoa uteuzi ule, na ikaamuliwa Cowper ahojiwe mbele ya bunge kama anaifahamu kazi. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kawaida tu. Kwake yeye, aliyejifunza utotoni kuogopa nyuso za watu, ilikuwa kama hukumu ya kifo. Alisoma vitabu vya bunge kwa miezi kadhaa, asiweze kushika lolote. Siku ya kuhojiwa ilipokaribia, alijaribu kujitoa uhai zaidi ya mara moja. Mungu akamhifadhi. Cheo kikaachwa, na ndugu yake John akampeleka kwa daktari.

Daktari aliyekuwa mwamini

Daktari huyo aliitwa Nathaniel Cotton. Alikuwa na nyumba ndogo ya kuwatunzia wagonjwa wa akili huko St Albans, wakati ambapo sehemu nyingi wagonjwa wa namna hiyo walifungwa minyororo na watu wakalipa kwenda kuwachungulia. Cotton alikuwa mtu wa imani na mtu mpole. Alimpa Cowper muda, akamsikiliza, akamlisha, akamwacha atembee bustanini.

Katika bustani hiyo, mwaka 1764, Cowper aliikuta Biblia imeachwa kwenye benchi. Baadaye alipofungua Warumi 3:25, mahali panaposema juu ya Kristo aliyewekwa awe upatanisho katika damu yake, nuru ikamwingia. Alilia kwa furaha. Daktari wake aliogopa kidogo, akamchunguza ahakikishe kwamba furaha ile si ugonjwa wenyewe umegeuza sura! Ilikuwa furaha ya kweli.

Kwa hiyo, mpendwa, ona jinsi Mungu alivyofanya. Alimwokoa Cowper hapo hapo mikononi mwa daktari. Neno na tiba havikugombana.

Olney na John Newton

Baada ya kutoka kwa daktari, mwaka 1765, alipata nyumba kwa familia ya mchungaji Morley Unwin huko Huntingdon. Walikula pamoja, wakasoma Neno pamoja, wakaimba pamoja. Mwaka 1767 mzee Unwin alianguka kutoka kwenye farasi akafa. Mjane wake, Mary, pamoja na Cowper, wakahamia mji mdogo wa Olney ili wawe karibu na kasisi wa hapo, John Newton. Ndiyo, ni yule Newton aliyekuwa nahodha wa meli za watumwa kabla ya kuwa kasisi, yule aliyeandika wimbo wa neema unaojulikana dunia nzima.

Wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Cowper alimsaidia Newton kutembelea wagonjwa na maskini, akaomba katika mikutano ya maombi. Wakaanza kutunga nyimbo za kanisa. Kitabu chao kilitoka mwaka 1779, Newton akiwa ametunga karibu 280 na Cowper zaidi ya 60.

Lakini giza lilirudi kabla kitabu hakijatoka. Mwaka 1770 ndugu yake John alifariki. Januari 1773, mwezi ule ule ambao Newton alileta ule wimbo wake wa neema katika ibada ya mwaka mpya, akili ya Cowper ilianguka tena. Mwezi uliofuata aliota ndoto ambayo ndani yake alisikia kwamba mambo yake yamekwisha, amepotea. Ndoto ile hakuiacha tena. Alijaribu tena kujiua, na uchumba wake na Mary ukavunjika.

Sasa mtazame mchungaji. Mwezi wa Aprili, Cowper alikuja kulala usiku mmoja katika nyumba ya Newton, kisha akakataa kuondoka. Alikaa zaidi ya mwaka mzima. Newton hakuwa tajiri, na mgonjwa alikuwa mzito: halali, anashuku chakula, anaomboleza. Newton hakumfukuza wala hakumtangaza madhabahuni. Alimwombea, naam, tena sana. Lakini pia alimpa kitanda, akamtembeza, akakaa naye. Watumishi wa Mungu, huo ndio uchungaji.

Sungura, tango na kalamu

Alipoanza kupata nafuu mwaka 1774, majirani walimletea sungura watatu. Aliwapa majina Puss, Tiney na Bess, na akawajengea vibanda kwa mikono yake. Tiney hakuzoea watu hata siku moja. Puss, alipougua, Cowper alimuuguza, na alipopona akamlamba mkono wote kidole kwa kidole kama anayeshukuru. Puss aliishi karibu miaka 12. Pia Cowper alijifunza useremala, akachora, akalima bustani, akapanda matango chini ya vioo. Mambo madogo madogo hayo! Lakini kila asubuhi palikuwa na kiumbe kinachomngoja akilishe, na mche unaotaka maji.

Mary naye aliona kwamba akili ya Cowper ikikaa bure inajila yenyewe. Akamhimiza aandike mashairi marefu. Kitabu cha kwanza kikatoka 1782. Rafiki yao mwingine, Lady Austen, alipomwona ameinama kwa huzuni, alimsimulia kisa cha kuchekesha cha mtu aliyekimbizwa na farasi asiyemweza. Cowper alicheka usiku, na kesho yake kikawa shairi lililochekesha Uingereza nzima. Huyo huyo mama akamwambia aandike juu ya kiti cha sofa, na likatokea shairi kubwa la vitabu sita, The Task, mwaka 1785. Mwaka 1788 aliandika mashairi ya kupinga biashara ya watumwa, yakasomwa na wengi. Mtu aliyedhani Mungu hamtaki ndiye aliyekuwa akiwapigania Waafrika waliofungwa minyororo.

Je, alipona? Hapana, wapendwa, na hatutawadanganya. Mwaka 1787 alianguka tena kwa miezi. Ndoto ya 1773 ilimfuata hadi mwisho.

Tembea nami

Mwaka 1791 na 1792 Mary alipigwa na kiharusi. Yule aliyekuwa akimtunza Cowper sasa akahitaji kutunzwa, na Cowper akamhudumia. Mapema mwaka 1794 hali yake ikawa mbaya kabisa. Kwa siku sita alikaa kwenye kiti kimya, karibu bila kula. Kila mtu alijaribu, ikashindikana. Ndipo daktari akashauri kwamba Mary ajaribu. Mama huyu, mwili umepooza upande mmoja, alisema tu kwamba asubuhi ni nzuri na angependa kujaribu kutembea. Cowper akainuka hapo hapo, akamshika mkono, wakatoka nje.

Mahubiri hayakuwa yamemwinua kwenye kiti kile, wala kumkemea. Aliinuka kwa sababu kuna mtu alimhitaji. Hata wataalamu wa leo wa afya ya akili wanatuambia kwamba kuwa na watu wa karibu, kuwa na kazi ya mikono, na kujua kwamba wewe ni wa maana kwa mtu fulani, ni nguzo za maisha ya kuridhika. Mary alilijua hilo bila kusomea.

Mary alifariki Desemba 1796. Cowper aliishi akitunzwa na jamaa yake kijana, John Johnson, huko Norfolk. Mwaka 1799 aliandika shairi lake la mwisho, juu ya baharia aliyeanguka kutoka melini, akajiona yeye ndiye amezama zaidi. Alifariki tarehe 25 Aprili 1800, akiwa na miaka 68. Johnson alisimulia kwamba baada ya kukata roho, uso wake ulibadilika, ukawa mtulivu, kama wa mtu aliyekutana na jambo jema ambalo hakulitarajia.

Tunachukua nini?

Kwanza, hisia si hukumu ya Mungu. Cowper alihisi ametupwa kwa miaka 27, na katika miaka hiyo hiyo wimbo wake ulikuwa ukiwaleta watu msalabani. Kama leo huhisi chochote ukiomba, soma Zaburi 88. Inaishia gizani, na bado ni maombi, tena Mungu ameiweka katika Neno lake.

Pili, mwili na akili vinahitaji kutunzwa. Eliya alipoomba afe, malaika hakumhubiria kwanza. Alimpa mkate, maji na usingizi, mara mbili. Kama mtu wako halali, hali, au anazungumza juu ya kufa, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali leo, na umwombee mkiwa njiani. Kumeza dawa si kukosa imani.

Tatu, usiwe wa kuuliza tu hali kwenye simu. Cowper alijaribu kujiua akiwa anaishi peke yake London, na tena akiwa katikati ya wampendao, kwa hiyo upendo si kinga ya kila kitu. Lakini aliishi hadi miaka 68 kwa sababu kila mara kulikuwa na Newton, au Mary, au Johnson. Katika kanisa letu kuna mtu ambaye hajaonekana kwa majuma matatu. Tumesema amepoa kiroho. Nenda kwake wiki hii. Usiende na mafuta ya upako pekee. Nenda pia na unga na sukari, ukae mnywe chai, na kama anaweza, mwombe akusaidie kazi fulani unayoihitaji kweli.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni maneno gani tunayosema kanisani yanayomfanya mwenye sonona afiche hali yake?
2. Katika 1 Wafalme 19, Mungu alimhudumia Eliya kwa hatua zipi, na kwa mpangilio gani?
3. Nani katika kikundi chetu hajaonekana, na nani atamtembelea kabla ya Jumapili?